Je, Fundi wa Tarakilishi Atakiwe Kuwa na Leseni?

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Muhula uliopita mdahalo wa chama chetu ulikuwa na hoja moja nzito: wataalamu wa tarakilishi wasajiliwe na wapewe leseni kwa mujibu wa sheria. Watetezi wa hoja walipiga meza, wapinzani nao hawakubaki nyuma, na dakika arobaini zikaisha kabla hatujakubaliana hata juu ya maana ya neno leseni. Mwalimu mlezi wa chama akaniomba nilichunguze jambo hili na kuliandika kama somo, ili tukirudi ulingoni tuwe na hoja badala ya kelele. Basi tega sikio.

Swali hili si la watu wachache wa Nairobi. Leo karo hulipwa kwa simu. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na leseni ya kuendesha gari huombwa kwenye mtandao. Mnamo Julai 2023 tovuti ya serikali ya eCitizen iliposhambuliwa, huduma nyingi zilikwama nchini kote, na watu wakabaki kutazama simu zao kama waliopigwa na butwaa. Hivyo ndivyo tulivyo siku hizi: nyuma ya kila huduma kuna mtu tusiyemjua aliyeandika programu. Je, nani alimpa ruhusa? Na akiharibu, nani atamuuliza?

TUANZE NA MANENO

Wengi wetu huchanganya maneno matatu: cheti, usajili na leseni. Cheti hutolewa na chuo. Kinasema kwamba fulani alisoma somo fulani akafaulu. Usajili ni kuandikwa jina katika daftari la watu wa kazi moja. Leseni ni ruhusa inayotolewa kwa nguvu ya sheria. Ukifanya kazi hiyo bila leseni, umevunja sheria, na ukiifanya vibaya, unaweza kunyang'anywa.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Cheti hutazama nyuma, kwenye yale uliyosoma. Leseni hutazama mbele, kwenye yale unayoruhusiwa kufanya na nani atakayekuuliza ukikosea. Walimu wetu wapendwa wana vyeti vya vyuo vikuu, lakini bila kusajiliwa na TSC hawaruhusiwi kutufundisha. Daktari ana baraza lake, wakili vilevile. Wahandisi wana Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 na bodi inayowasimamia. Hata dereva wa matatu, ajapokuwa hodari namna gani, bila leseni askari wa barabarani atamshusha.

Lakini mwandishi wa programu? Huyo anaweza kuamka leo, akaandika programu ya kupima dawa za wagonjwa, na kesho ikatumika hospitalini bila mtu kumuuliza jina la baraza lake. Je, ni haki?

LESENI ZILITOKA WAPI?

Hebu turudi nyuma kidogo. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi iliyovuja chini ya jengo la shule ililipuka. Gesi ile haikuwa na harufu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba hatari iko miguuni pake. Karibu watu 300 walifariki, wengi wao wakiwa wanafunzi kama mimi na wewe. Mwaka huo huo jimbo la Texas likapitisha sheria ya kuwasajili wahandisi, ili si kila aliyejiita mhandisi aruhusiwe kufanya kazi inayogusa maisha ya watu. Gesi nayo ikaanza kutiwa harufu ili ikivuja watu waigundue.

Tazama mpangilio wa mambo: kwanza msiba, halafu sheria. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Swali letu basi ni hili: je, katika mambo ya tarakilishi ufa umeshaonekana? Nitakupa visa vitatu uamue mwenyewe.

VISA VITATU

Kisa cha kwanza ni cha mashine ya kutibu saratani kwa miale, iliyoitwa Therac-25, iliyoundwa na kampuni ya Kanada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi halisi vya kuzuia miale isizidi kipimo. Katika mashine hii mpya vizuizi hivyo viliondolewa, na kazi ya ulinzi ikaachiwa programu. Programu yenyewe ilikuwa imeandikwa na mtu mmoja, wala haikukaguliwa na mtaalamu wa nje. Mwendeshaji alipoandika maagizo na kuyasahihisha upesi upesi, programu ilichanganyikiwa ikaachilia miale mikali kupita kiasi. Skrini nayo ilitoa nambari ya hitilafu tu, isiyomweleza mwendeshaji chochote. Kati ya mwaka wa 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua sita waliunguzwa na mashine hizo, na wasiopungua watatu wakafariki.

Kisa cha pili kinatuuma sisi Wakenya moja kwa moja. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aina ya Boeing 737 MAX iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka. Watu wote 157 walikufa, zaidi ya 30 kati yao wakiwa Wakenya wenzetu. Miezi minne na ushei kabla ya hapo, ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka nchini Indonesia na kuua watu 189. Ndani ya ndege hizo mlikuwa na programu iliyoitwa MCAS, ambayo kazi yake ilikuwa kuinamisha pua ya ndege ikidhani imeinuka mno. Programu hiyo ilitegemea kipimo cha kifaa kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kifaa kilipotoa kipimo cha uongo, programu ilitii uongo huo, ikasukuma pua chini, rubani akivuta juu nayo ikisukuma chini.

Kisa cha tatu hakikuua kwa kishindo, lakini kiliangamiza nyumba za watu. Nchini Uingereza shirika la posta lilianza kutumia mtambo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mtambo huo ulionyesha kwamba fedha zimepungua katika vituo vidogo vya posta, ilhali nyingine hazikuwa zimepungua kabisa. Kati ya mwaka wa 1999 na 2015 mamia ya wasimamizi wa vituo hivyo walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Zaidi ya 900 walipatikana na hatia. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika. Mnamo Desemba 2019 mahakama kuu ilithibitisha kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu huo wa uongo, na mwaka wa 2024 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwafutia watu hao hatia kwa pamoja. Fikiria, msomaji: mtu mwaminifu anaitwa mwizi mahakamani, na shahidi anayemshtaki ni tarakilishi.

Naam, ufa umeonekana. Tena si ufa, ni shimo.

MSWADA WETU WA KENYA

Hapa kwetu jambo hili lilifika bungeni. Mnamo mwaka wa 2016 kulitokea mswada wa kuwasajili wataalamu wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Ulitaka kuwe na baraza la kuwasajili na kuwapa leseni, na atakayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa aadhibiwe. Vijana wa tarakilishi walipiga kelele, na hata waziri wa wizara husika wa wakati huo, Joe Mucheru, aliupinga. Mswada ukazama. Lakini wapi! Ukaibuka tena kwa sura mpya, ukiletwa na Godfrey Osotsi aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa. Mnamo Juni 2022 Bunge la Taifa liliupitisha, ila Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba kazi za chombo hicho kipya zingegongana na za taasisi zilizopo tayari.

Watetezi wa mswada walikuwa na hoja. Walisema matapeli wamejaa katika kazi hii. Kwamba mwenye kampuni hulipa fedha akaachiwa mtambo usiofanya kazi. Kwamba taaluma isiyo na maadili yaliyoandikwa haiwezi kuheshimiwa. Hayo ni kweli, sitayapinga.

Wapinzani nao walikuwa na zao. Walisema kazi hii imejaa watu waliojifunza wenyewe, kwa kuazima tarakilishi na kukesha kwenye saiba. Walisema leseni ingewafaa wenye shahada na ada mfukoni, na kumfungia nje kijana wa Kibera au wa Lodwar mwenye kipawa asiye na karatasi. Tena teknolojia hubadilika kila uchao. Mtihani utakaotungwa leo, kabla wino haujakauka utakuwa umepitwa na wakati. Hayo pia ni kweli.

Sasa tufanyeje, maana pande zote mbili zina ukweli?

KUWAPA LESENI WOTE HAKUTOSHI

Kwanza tuone yaliyowapata waliojaribu. Texas, lile jimbo la msiba wa shule, lilikuwa la kwanza Marekani kuitambua kazi ya kuunda programu kuwa tawi la uhandisi linalopewa leseni. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1998. Baadaye, mwaka wa 2013, ukaanzishwa mtihani wa taifa zima wa wahandisi wa programu. Unajua ni watahiniwa wangapi waliufanya? Katika miaka yote hiyo, 81 tu. Si 81,000, themanini na mmoja, kama madarasa mawili ya shule yetu. Mwaka wa 2019 mtihani ukafutwa. Wenye kazi hawakuona faida yake, na waajiri hawakuuitisha.

Pili, leseni peke yake si kinga. Hapa Kenya wahandisi na wasanifu wa majengo wana sheria zao, na kuna mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Hata hivyo Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Wenye leseni wapo, lakini aliyepaswa kuuzuia ujenzi ule hakuuzuia kwa wakati.

Rudi tena kwenye kisa cha ndege. Hakuna kazi inayolindwa kwa sheria kama urubani na uundaji wa ndege. Lakini mamlaka ya Marekani ilikuwa imewaachia wafanyakazi wa Boeing wenyewe sehemu kubwa ya ukaguzi wa ndege ile. Hiyo, bwana, ni sawa na kumwachia fisi bucha. Tena programu ile haikukosea hesabu. Ilifanya kile ilichoagizwa. Kosa lilikuwa katika uamuzi wa kuitegemeza kwenye kifaa kimoja. Ungempa leseni kila aliyeandika mstari wa programu ile, bado ndege ingeanguka, kama hakuna mmoja mwenye nguvu ya kusema: sitii sahihi.

Na katika kisa cha posta, kulikuwa na watu waliojua kwamba mtambo una hitilafu huku mashtaka yakiendelea. Hawakukosa ujuzi. Kilichokosekana ni mtu ambaye sheria inamlazimisha kusema ukweli, na inamlinda akiusema.

MAONI YANGU

Baada ya kuyapima haya yote, mimi naona kwamba wote wawili, mtetezi na mpinzani, waliuliza swali lisilofaa. Waliuliza, nani awe na leseni? Afadhali tuulize, ni kazi gani isiyofaa kuanza bila sahihi ya mtu aliye na leseni?

Kijana anayefungua simu zilizokufa pale stendi hahitaji leseni ya serikali. Akikuharibia simu, utakasirika, utanunua nyingine. Msichana anayeunda tovuti ya kanisa au mchezo wa kuchezwa kwenye simu hahitaji leseni. Tukiwafungia hawa mlango tutaua chipukizi, na kesho tutalalamika kwamba kila programu tunaiagiza ng'ambo.

Lakini zipo kazi za namna nyingine, na nimetunga maswali matatu ya kuzitambua. Mtambo huu ukikosea, je, mtu anaweza kufa? Je, anaweza kufungwa au kunyimwa haki yake? Je, anaweza kupoteza mali ambayo hataipata tena? Jibu likiwa ndiyo kwa swali moja tu, basi mtambo huo usianze kutumika kabla mtu mwenye leseni, asiye chini ya bosi wa mradi huo, hajaukagua na kutia sahihi yake. Mitambo ya hospitali, ya kura, ya mahakama, ya benki na ya ardhi ingeingia humo.

Usidhani nimeota ndoto za mchana. Njia hii tumeshaanza kuipita. Programu za kukopesha pesa kwa simu zilipozidi kuwaaibisha wadeni kwa kuwapigia simu jamaa na marafiki zao, Kenya haikuwapa leseni walioziandika. Sheria ilirekebishwa Desemba 2021, na wakopeshaji wenyewe wakatakiwa kupata leseni ya Benki Kuu. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 iliweka utaratibu wa kuwasajili wanaoshika habari za watu. Sheria zote mbili zinaifuata hatari pale ilipo, wala hazimfuati kila mwenye tarakilishi.

Labda utaniuliza, mbona programu moja huwa na vipande vilivyoandikwa na watu mia, wengine wa India, wengine wa Ujerumani? Nani atapewa leseni hapo? Nakujibu kwa mfano wa daraja. Mhandisi anayetia sahihi ramani za daraja hakuyeyusha chuma wala hakusaga saruji. Lakini ni wajibu wake kuhakikisha chuma kinafaa kabla lori halijapita. Vivyo hivyo, atakayetia sahihi ni yule anayeuleta mtambo huu hapa na kusema uko tayari. Huyo hatakubali kwa urahisi kifaa kimoja pale panapohitajika viwili, maana jina lake liko chini.

Hapo ndipo ninapoona faida kubwa ya leseni, ambayo hatukuitaja kabisa katika mdahalo. Tumezoea kuiona leseni kama rungu la kumpigia mtaalamu. Lakini pia ni ngao yake. Mwajiriwa akiambiwa na bosi, "Harakisha, tunataka kuzindua Jumatatu," atajitetea kwa lipi? Atafanya, la sivyo atafutwa. Aliye na leseni anaweza kujibu, "Mzee, nikitia sahihi hapa kabla ya kukagua nitapoteza leseni yangu, nawe utashtakiwa." Bosi atafikiri mara mbili. Na akimfuta, atakayemwajiri baada yake naye atadai muda wa kukagua.

Naongeza masharti mawili. La kwanza, mlango wa leseni hiyo uwe ni mtihani na kazi iliyoonekana, usiwe shahada peke yake. Aliyejifunzia kwenye saiba akifaulu, apewe. La pili, baraza lisijae wenye kampuni za tarakilishi tu. Wawemo madaktari, mawakili na wananchi wanaotumia mitambo hiyo, maana kidonda humuuma mwenye nacho.

Kwa muhtasari, msimamo wangu ni huu: tusiwape leseni wote, wala tusimwache kila mtu afanye atakavyo. Tuilinde milango michache ambayo nyuma yake kuna uhai, uhuru na mali ya watu. Wenzetu waliokuwa wakija Nairobi siku ile ya Machi hawakuwa na namna ya kujua ndani ya ndege yao mna programu ya aina gani. Abiria hawezi kukagua. Ndiyo maana ni lazima awepo mtu mwingine aliyekagua kwa niaba yake, na jina lake lijulikane.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza tofauti kati ya cheti, usajili na leseni, ukitoa mfano mmoja wa kila neno kutoka mtaani kwenu.

2. Mtambo unaotumiwa na shule kuhifadhi alama za mitihani ukikosea, je, unahitaji sahihi ya mwenye leseni? Tumia yale maswali matatu.

3. Mwandishi anasema leseni ni ngao. Je, unakubaliana naye? Mpinge au mtetee kwa hoja tatu.

4. "Asiyejua maana haambiwi maana." Je, methali hii inamfaa nani zaidi katika makala haya: mwandishi wa programu, bosi wake au mbunge? Toa sababu.